Mguu Kwanza

Mke wangu hanionei wivu. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili mjue ninakotoka. Mimi ni fundi wa kufuli na funguo, kazi ambayo humwingiza mtu katika nyumba za watu saa yoyote. Siku moja niliitwa na mwanamke aliyejifungia nje akiwa na taulo moja tu mwilini, mlango ulijifunga wakati anaanika nguo. Mume mwingine angeipeleka habari hiyo nyumbani kwake angeulizwa maswali mpaka chakula kimshinde. Mimi nilipomsimulia mke wangu, tena kwa kuongeza chumvi kidogo, aliinua macho kutoka kwenye kitabu chake akasema, "Maskini, asije akapata baridi." Kisha akageuza ukurasa.

Kwa upande wangu, wivu nilionao unatosha watu wawili na mwingine ukabaki. Marehemu mama alikuwa akisema nimezaliwa nao kama wengine wanavyozaliwa na kidole cha sita. Mke wangu akicheka na muuza mkaa, nahamia kwenye gesi. Akisifu shati la jirani, wiki hiyo hiyo nalitafuta la rangi ile ile. Watu husema wivu ni kidonda, na mimi nawajibu kwamba kidonda angalau kina dawa.

Anafanya kazi hospitali, chumba cha kumbukumbu. Watu wakisikia hospitali hudhani anachoma sindano. Hapana. Mgonjwa akisharuhusiwa, faili lake huja mezani kwa mke wangu, naye husoma yale daktari aliyoandika kwa ule mwandiko wao wa kuku aliyekanyaga wino, akayageuza kuwa misimbo. Kila ugonjwa una msimbo wake, herufi moja na tarakimu zake, na kila kuvunjika, na kila kuumwa na mdudu. Msimbo ndio unaokwenda bima, ndio unaokwenda kwa wakubwa wanaohesabu magonjwa ya nchi, na ndio unaobaki kwenye kompyuta wakati daktari ameshahama na mgonjwa ameshasahau. "Daktari akikosea kusema, anaweza kusema tena," mke wangu hupenda kueleza. "Mimi nikikosea kuandika, kosa linamfuata mtu mpaka kazini kwake."

Alipokuwa akijiandaa kwa mtihani wa kazi hiyo, mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake wa jioni. Yeye anamenya viazi, mimi nimekamata kitabu kinene kama tofali, namuuliza. Sura iliyomsumbua ni ya virusi vya Ukimwi, kwa sababu ina sheria ambazo magonjwa mengine hayana.

"Daktari ameandika kwamba mgonjwa anashukiwa kuwa na virusi," nasoma.

"Hapati msimbo wa virusi. Magonjwa mengi, mtu akiwa amelazwa na daktari akashuku, unaandika kana kwamba lipo. Hili halishukiwi. Mpaka daktari aseme ndiyo."

"Anavyo, lakini haumwi kitu."

"Ana msimbo wake, wa mtu aliye navyo tu na anaishi zake."

"Akishaugua kwa sababu yake?"

"Msimbo mwingine, mzito. Na ukishampa huo humrudishi nyuma kwenye ule mwepesi, hata apone akimbie mbio ndefu."

"Na aliye navyo akigongwa na baiskeli?"

"Kilichomleta hospitali ndicho kinachoandikwa kwanza. Virusi vinafuata nyuma."

Alifaulu, na mimi nikatembea kifua mbele kana kwamba cheti ni changu. Nilidhani sheria zile nimezishika. Kumbe zilikuwa zikiingia sikio hili zikitokea lile.

Jambo moja alilonifundisha bila kitabu ni kwamba kazi yake ina mdomo uliofungwa. Sheria anakueleza mpaka uchoke, lakini mtu, hakuambii. Tukiwa njiani, mwanamume akamsalimia kwa kuinama kidogo, naye akaitika kwa upole, nauliza ni nani.

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Siwezi kusema."

Miaka yote ya ndoa yetu nimefungua makufuli ya kila aina, ya maduka, ya magari, la kasiki moja la mfanyabiashara aliyekufa na siri zake. Maneno hayo mawili sijawahi kuyafungua. Siku moja nilimwambia mficha uchi hazai. Akanijibu, "Basi sisi tuna wawili, tutakuwa tumefichua vya kutosha." Watoto wakacheka bila kujua wanachokicheka, na mimi nikacheka nao, lakini roho ilikuwa inauma.

Ndiyo maana nilihamishia kibanda changu mbele ya lango la hospitali. Nilimwambia kuna wateja wengi, na ni kweli, watu wenye wagonjwa hupoteza funguo ovyo. Lakini sababu hasa ni kwamba nikikaa kwenye kigoda changu naiona baraza ya chumba cha kumbukumbu yote, mlango, benchi na ubao wa matangazo. Jirani yangu pale ni mshona viatu tunayemwita Redio. Sina haja ya kueleza kwa nini anaitwa hivyo. Atakuapia kwamba hasemi kitu, na hapo ndipo taarifa ya habari inapoanza.

"Fundi," aliniambia asubuhi moja, ameshika kiatu cha mtu lakini macho yako hospitali, "mimi sisemi kitu."

Nikatazama. Barazani alisimama kijana mrefu, mabega kama mlango wa ghala, anaegemea magongo mawili. Mguu wake wa kulia ulikuwa na vyuma vinavyotokeza nje ya ngozi, na kiatu chake kimoja kilikuwa na madoa ya rangi nyeupe na ya bluu. Mke wangu alitoka mwenyewe kumpokea. Walizungumza wamesogeleana, yeye anatikisa kichwa, kijana anaeleza, na mwishoni mke wangu akamwekea mkono begani. Mkono ule naujua. Begani kwangu mimi huja kwa nadra, hasa nikiwa na homa.

"Ni mara ya pili wiki hii," akasema Redio. "Lakini mimi sijaona."

Jioni niliuliza kwa njia ya mbali, nikipulizia chai. Nikasema nimeona mgonjwa mmoja mwenye magongo, anatia huruma.

"Wako wengi wenye magongo," akasema.

"Huyu mrefu. Mnazungumza naye barazani."

Akanitazama, akajua nilikokuwa nimekaa na nilichokuwa nikitazama. "Ni mtu," akasema.

"Sikusema ni mbuzi."

"Baba, kula."

Nikala, lakini chakula kilipita kama karatasi. Siku mbili baadaye simu yake iliita tukiwa mezani. Alisoma jina, akainuka, akatoka uani kwenye kamba ya nguo. Mimi nikakumbuka ghafla kwamba ndoo ya maji iko karibu na mlango wa uani na inahitaji kuchunguzwa. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Usiwe na wasiwasi. Nimeshamwambia daktari, mguu kwanza. Hicho kingine kitafuata nyuma. Mvumilie kidogo, nitakupigia."

Sasa niambieni, mtu mwenye wivu angesikiaje maneno hayo? Mimi nilisikia mpango. Kwanza mguu upone, atupe magongo, halafu hicho kingine. Na hicho kingine sikuhitaji kuambiwa ni nini. Nilimwona kijana yule anatembea kwa miguu yake miwili mirefu, na mke wangu pembeni amebeba sanduku letu la safari, lile jipya, ambalo kufuli lake nililitia mimi.

Wivu wangu wa siku zile ulikuwa na njaa. Niliharibu funguo za wateja, nikakata meno ya upande usiotakiwa. Nilijipima kwenye fremu ya mlango, nikaona kwamba sijaongezeka urefu tangu nioe. Nilianza kuchana nywele mara mbili. Niliona wivu hata kwa mguu wenyewe, kwa sababu mke wangu aliuliza habari zake kwa sauti nzuri, na mguu wangu mimi ukiuma husema nimevaa viatu vibaya.

Nilimuuliza tena, safari hii bila kuzunguka.

"Yule mwenye magongo anataka nini kwako?"

"Ni mambo ya kazi."

"Kazi gani inayopigiana simu wakati wa chakula?"

"Kazi yangu." Aliweka chini nguo aliyokuwa anakunja. "Unaniamini?"

"Nakuamini wewe. Yeye ndiye simwamini."

"Basi huniamini mimi," akasema, bila hasira, na hilo liliniudhi zaidi. Angegombana ningepata pa kushika. Alikunja nguo yake na nyingine na nyingine, na uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliye na jambo zito asilotaka kulishusha. Nilitamani aniulize na mimi nilikuwa wapi mchana, niliongea na nani, yule wa taulo aliniita tena au vipi. Hakuuliza. Sikuwa na uzito wa kuulizwa.

Redio ndiye aliyenipa njia. "Anakaa yale maghorofa ya nyuma ya soko," akasema akipiga msumari kwenye soli. "Mlango wa chini, sababu ya mguu. Ni mpaka rangi wa majumba. Lakini mimi, fundi, sijakuambia."

Jumamosi mke wangu alikuwa kazini. Nikafunga kibanda, nikavaa shati lile la rangi ya jirani, nikaenda.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke kijana mwenye unga mikononi. Nilisema namtafuta mpaka rangi. Alinikaribisha bila kuuliza, akapaza sauti ndani kwamba kuna mgeni. Nilitegemea chumba cha mhuni, kitanda na chupa. Nilikuta sebule ndogo iliyopakwa rangi vizuri mno, kuta za maziwa na ukanda mwembamba wa bluu ulionyooka kama uzi, na kwenye kochi mama mtu mzima mwenye miwani, mkoba wake wa safari miguuni na birika la chai mbele yake. Kijana wangu mwenye mabega alikuwa kwenye kiti, mguu na vyuma vyake juu ya kigoda.

"Shikamoo mama," nikasema, kwa sababu hasira haiondoi malezi.

"Marahaba mwanangu. Kaa. Chai ipo."

Kijana alinitazama, kisha uso wote ukafunguka. "Wewe ndiye mume wa dada wa hospitali," akasema. "Nimekuona pale langoni. Karibu sana, kaka. Mama, huyu ndiye mume wa yule dada niliyekuambia, anayenisaidia."

Alifurahi. Ndicho kilichonichoma. Mwizi anakukaribisha na kukumiminia chai katika kikombe kisichovunjika mdomo, na mama yake anakuuliza habari za watoto. Nilimeza fundo la kwanza, likanichoma ulimi, nikaona nisipolitoa lile lililonileta nitapasuka.

"Nimekuja kuuliza jambo moja," nikasema. "Una nini na mke wangu?"

Mwanamke mwenye unga alisimama mlangoni pa jikoni. Mama akavua miwani.

"Ni mambo ya bima, kaka," kijana akasema taratibu. "Hakuna kingine."

"Bima gani? Mguu umevunjika, hata kipofu ataupapasa ajue. Bima wanataka nini zaidi mpaka muitane barazani na kupigiana simu watu wakila? Mpaka mke wangu anaingia uani kukunong'oneza?"

"Kaka, naomba tutoke nje tuongee."

"Nje ya nini? Kama ni jambo safi, lisemwe hapa mbele ya mama."

Nalikumbuka neno hilo kuliko yote. Mbele ya mama. Nililisema nikidhani nimempata, kwa sababu niliona rangi inamtoka usoni. Alimtazama yule mwanamke wa mlangoni, ambaye sasa nilijua ni mkewe, naye mkewe akatikisa kichwa polepole, kumwambia hapana.

Mama akageuka kwa mwanawe. "Mwanangu," akasema, "kama umeingia nyumba ya mtu, sema. Usimwache mwenzio anaungua na yule dada anachafuliwa. Mtu amekusaidia, halafu jina lake liburuzwe?"

 Kijana alishika gongo moja, akaliachia. Ningependa kuwaambia kwamba hapo nilihisi kitu, kwamba nilitaka kuinuka. Sikuhisi. Niliketi mbele mbele ya kiti nikisubiri kushinda.

"Nina virusi, mama," akasema. "Vya Ukimwi."

Mama alikuwa ameshika birika. Hakuliangusha. Aliliweka chini juu ya kitambaa chake, akakinyoosha kitambaa kwenye pembe.

Kijana aliendelea, sasa akinitazama mimi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa ushahidi. Alianguka ngazini akipaka ukuta wa ghorofa. Akafanyiwa operesheni ya kwanza, bado ya pili. Bima ya kazini ikakataa ya pili, kwa sababu taarifa ya hospitali ilianza na virusi, mguu ukaandikwa chini yake. Wakasema huu ni ugonjwa wa mtu mwenyewe, si ajali ya kazi. Alikwenda chumba cha kumbukumbu akiwa amejiandaa kupiga kelele. "Mkeo alisoma faili, akaniambia, kosa hili nimelifanya mimi, na nitalisahihisha mimi. Hakunizungusha. Daktari aliyenitibu alikuwa masomoni, akamtafuta mpaka akampata, kwa sababu bila saini yake haruhusiwi kubadilisha. Juzi bima wamekubali. Wiki ijayo naingia. Hayo ndiyo niliyo nayo na mkeo, kaka."

Kilichomleta ndicho cha kwanza. Virusi vinafuata nyuma. Nilikuwa nimeisoma sheria hiyo kwa sauti yangu mwenyewe, juu ya maganda ya viazi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu muda wote, na mimi, fundi mzima, nikaenda kuvunja mlango wa watu.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Kabla baba hajafa."

"Na dawa unakunywa?"

"Kila siku, mama. Siumwi. Daktari anasema havionekani hata kwenye kipimo, na mke wangu ni mzima."

"Zile ulizoniambia za kifua."

"Ndizo hizo."

Mama alitikisa kichwa. "Miaka yote hiyo ukawa unameza peke yako," akasema. Kisha akavaa miwani yake, akanigeukia. "Na wewe baba, umeridhika?"

 Nilisema samahani, nadhani nilisema mara nyingi, na mama akanyoosha mkono kunizuia kama anayezuia gari. "Chai yako inapoa," akasema. Nikainywa yote mpaka majani, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na uso wangu.

Mkewe ndiye aliyenitoa. Alisimama kizingitini, unga umemkaukia mikononi, machozi yanamtoka bila yeye kuyashughulikia. "Alikuwa amwambie mama baada ya operesheni," akasema. "Akiwa anatembea. Alitaka aende kwake kwa miguu yake, amwambie kwa mdomo wake. Miezi tumekuwa tukipanga. Umemwibia siku yake."

Kijana alinifuata mpaka nje, gongo kwa gongo. Nilidhani anakuja kunipiga, na moyoni nilimruhusu.

"Kaka," akasema, "naomba kitu kimoja. Mkeo asijue ulikuja hapa."

"Nitamwambia. Lazima niungame kwake."

"Ukimwambia, utafanya nini? Siri ya mgonjwa imetoka kwa sababu ya mtu wa nyumbani kwake. Sheria yao unaijua? Alinieleza siku ya kwanza. Anatakiwa aende mwenyewe kwa mkuu wake akaseme. Na yule dada atakwenda. Unamjua."

Namjua. Angekwenda asubuhi ya pili, angesimama mbele ya meza ya mkubwa na kusema kosa limetoka nyumbani kwangu, na kibarua chake kingeota nyasi.

"Alinisaidia," akasema kijana. "Usimponze. Wewe ubebe."

Nikaahidi. Nilikuwa tayari kuahidi chochote ili niondoke mbele ya macho yale. Nilirudi kibandani, nikachonga funguo mpaka jioni, na kwa mara ya kwanza meno yote yalikaa mahali pake.

Niliacha kuuliza maswali. Nilifikiri hilo litampa mke wangu raha, na siku chache za mwanzo nadhani lilimpa. Mtu akimsalimia njiani, natazama viatu vyangu. Simu ikiita, mimi ndiye ninayetoka uani kumwachia nafasi. Nilimnunulia kitambaa cha gauni bila sababu. Sikujua kwamba mume aliyenyamaza ghafla na kuleta kitambaa ni habari, na habari ina watu wake.

Tulikuwa tunakunja shuka, yeye pembe mbili, mimi pembe mbili, tunasogeleana na kuachana.

"Redio anasema ulikuwa maghorofa ya nyuma ya soko Jumamosi ile," akasema.

"Redio anasema mengi."

"Anasema hukuchukua mkoba wa vifaa." Tukasogeleana, akachukua pembe zangu. "Anasema ulipotoka kulikuwa na mwanamke mlangoni, kijana, na alikuwa analia."

Nilikuwa na jibu moja tu kichwani, na halikuwa langu la kutoa.

"Ni nani?" akauliza.

"Mtu."

Neno lilitoka lenyewe. Akacheka kidogo, akasubiri nicheke.

"Mtu gani?"

"Siwezi kusema."

Alidhani namtania kwa maneno yake mwenyewe. Aliyatafuta macho yangu ayaone yanacheka, hakuyaona. Kisha uso wake ukabadilika, polepole, kuanzia kwenye midomo. Uso ule naufahamu. Nimenyoa ndevu mbele yake kwenye kioo kila asubuhi tangu nioe.

"Kazi gani hiyo," akasema, "ambayo fundi kufuli hawezi kumwambia mkewe?"

"Mke wangu, niamini."

"Nakuamini," akasema, na tukatazamana, kwa sababu sote wawili tulijua neno hilo lilikwisha kutumika katika chumba kile na lilikuwa na maana gani.

Siku hizi anakuja kibandani wakati wa chakula cha mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Anakaa kwenye kigoda cha wateja. Akija mteja mwanamke, anamtazama kuanzia kichwani, ananiuliza baadaye ni mlango gani na uko wapi. Redio ameongeza sauti, amesogeza hata sanduku lake la viatu karibu. Kijana wa magongo alipita langoni juma lililopita, gongo limebaki moja tu, mama yake amemshika mkono wa pili. Mke wangu alimpungia, naye akapunga. Mimi nikainamia kufuli. Hakuniangalia, na nilimshukuru kwa hilo.

Jana tulikunja shuka tena. Tulifika ya mwisho. Tuliisogeza, tukakutana katikati, vidole vyake juu ya vyangu, na hakuviondoa.

"Yule wa taulo," akasema, bila kunitazama. "Alikuwa anakaa maghorofa yale yale?"

Swali hilo nililisubiri miaka yote ya ndoa yetu. Nilisema hapana, hakukaa huko. Nikaona wazi kwamba hajaniamini, na nikamwachia pembe zangu za shuka.